Siri, Stara na Dhima ya Serikali: Historia ya Majalada ya Siri Kando ya Mto Songwe

Katika Kiswahili yapo maneno mawili yaliyo karibu kwa sauti na kwa matumizi, nayo ni siri na stara. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayakutoka katika shina moja. Siri ni jambo ambalo watu wamekubaliana lisitoke nje yao. Stara ni kifuniko kinachowekwa juu ya aibu, na kitenzi chake ni kusitiri. Mwenye kupewa siri amepewa amana. Na amana, pamoja na ndugu zake amini, imani na amani, humfunga aliyeipokea kwa yule aliyemwamini, hata siku ya kuulizwa ikifika hana budi kujibu. Stara nayo ni jambo la heshima, maadamu mtu anaisitiri aibu ya mwenziwe. Lakini mwenye mamlaka anapoisitiri aibu yake mwenyewe, kisha akaiita siri, hapo amana imegeuzwa kuwa kinga, na anayestahili kuulizwa amejificha nyuma ya neno.

Historia ya nchi zilizo kando ya mto Songwe, tangu Tunduma hata ziwa Nyasa, yaonyesha jinsi jambo hili lilivyotendeka katika serikali zilizotawala pande hizo. Yaonyesha pia kwamba sheria za siri, tangu zilipoingia Afrika ya Mashariki, zilimtazama sana mtu mdogo aliyelitoa jambo nje, wala hazikumtazama vya kutosha mtu mkubwa aliyelitumia vibaya, aliyelificha au aliyeliteketeza.

Yafaa kwanza nchi yenyewe ielezwe. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, ulipokatwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Mito inayoitwa Songwe ni miwili: mmoja huelekea ziwa Rukwa, na wa pili hushuka mpaka ziwa Nyasa. Huu wa pili ndio mpaka. Katika mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, Wadachi na Waingereza waliandika kwamba mpaka utafuata mto huo kutoka mlangoni mwake, kisha utakwenda upande wa magharibi kuelekea ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilikuja kuupima katika ardhi. Wandali na Walambya wakajikuta wako ng'ambo zote mbili za mto, na Wanyamwanga wa Tunduma wakatenganishwa na jamaa zao wa Nakonde kwa mstari ambao hawakuulizwa habari zake. Hivyo watu wa ukoo mmoja walianza kuandikwa katika majalada ya serikali mbili, na kila serikali ikawa na yake ya wazi na yake ya siri.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wadachi walikwisha ondoka, na ng'ambo zote mbili zikawa chini ya bendera ya Kiingereza: Tanganyika kaskazini, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kusini. Pamoja na bendera zilikuja kanuni za ofisi. Sheria mama ya Waingereza juu ya siri za serikali ilikuwa ile ya mwaka 1911, iliyopitishwa na Bunge lao katika alasiri moja ya mwezi wa Agosti, wakati wa hofu ya wapelelezi wa Kidachi. Sheria hiyo haikupambanua siri iliyo kubwa na iliyo ndogo: mtumishi yeyote aliyetoa habari yoyote ya ofisini bila ruhusa alikuwa na hatia, na aliyeipokea aliweza kuwa na hatia pamoja naye. Tanganyika nayo ilipata sheria yake ya namna hiyo. Karani wa masjala na tarishi aliyebeba mfuko wa barua wote walikuwa chini yake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Na katika ofisi za kikoloni kata ilikuwa karani. Yeye ndiye aliyeingia mtungini kila siku, na yeye ndiye aliyeogopwa.

Jaribio kubwa la mambo hayo lilitokea mwaka 1959, ng'ambo ya kusini ya Songwe. Dakta Hastings Banda alikuwa amerudi Nyasaland katika Julai 1958 kuongoza chama cha Congress dhidi ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Tarehe 25 Januari 1959 wajumbe wa chama walikutana mahali pa wazi karibu na Blantyre, na Banda mwenyewe hakuhudhuria. Katika majuma yaliyofuata watoa habari wa polisi walileta maneno kwamba mkutanoni hapo ilipangwa njama ya kuua. Mwezi wa Februari fujo zilizuka katika wilaya za kaskazini, Karonga na Fort Hill, ambayo leo huitwa Chitipa, mahali palipo karibu kabisa na Ileje ya leo. Tarehe 3 Machi Gavana Sir Robert Armitage alitangaza hali ya hatari. Banda alikamatwa alfajiri na kupelekwa Rhodesia ya Kusini kwa ndege; watu zaidi ya elfu moja walitiwa kizuizini bila kushtakiwa; na katika machafuko ya majuma yale Waafrika 51 waliuawa, ishirini kati yao Nkhata Bay siku ile ile ya tangazo.

Siku hiyo hiyo, mjini London, Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, aliliambia Bunge kwamba ameona habari zinazoonyesha kuwa mauaji makubwa yalikuwa yakipangwa. Hapa ndipo msomaji apasavyo kusimama. Habari hizo zilikuwa za siri. Kwa kuwa zilikuwa za siri, wabunge hawakuweza kuzipima, wala waliofungwa hawakuweza kuzijibu. Hata hivyo zilitumiwa hadharani kuhalalisha kifungo cha watu wengi na vifo vya makumi. Basi siri ile haikuvujishwa na karani yeyote. Ilitumiwa na wakubwa kama ushahidi, kisha ikakingwa isichunguzwe kama ushahidi unavyochunguzwa. Huo nao ni utunzaji mbaya wa habari za siri, pengine ulio mbaya zaidi, lakini hapakuwa na kifungu cha sheria kilichoutaja.

Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Jaji Patrick Devlin. Tume ilikwenda Nyasaland, ikasikiliza mashahidi faraghani, na ripoti yake ilitolewa katika Julai 1959. Kwa haki yafaa isemwe kwamba tume haikumlaumu Gavana kwa kila jambo: ilikubali kwamba, kwa jinsi hali ilivyokuwa imefika, hakuwa na budi kuchukua hatua. Lakini juu ya njama ya mauaji haikukubali. Maneno ya kupiga na kuua yalisemwa, lakini mpango wa mauaji ya watu wengi haukuonekana. Ripoti ilisema pia, kwa maneno yaliyowachoma sana mawaziri, kwamba Nyasaland kwa wakati ule ilikuwa nchi inayotawaliwa kipolisi.

Je, nani aliyejibu? Ripoti ilifika mikononi mwa mawaziri kabla ya kutangazwa. Majibu yaliyotoka kwa jina la Gavana yalitungwa Uingereza kwa msaada wa mawaziri na wanasheria, yakachapishwa siku ile ile ripoti ilipotoka, ili mwenye kusoma ya kwanza akutane na ya pili. Bunge likapiga kura, serikali ikashinda. Armitage aliendelea na ugavana mpaka 1961. Lennox-Boyd aliondoka baada ya uchaguzi wa Oktoba 1959, na mahali pake akashika Iain Macleod. Banda alifunguliwa tarehe 1 Aprili 1960. Miaka minne baadaye nchi yake ilikuwa huru, naye akiwa waziri mkuu.

Tarehe ile ya 3 Machi 1959 ina jambo jingine katika historia ya Afrika ya Mashariki. Siku hiyo, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa wa Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi kwa virungu, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya Kenya ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulionyesha kwamba walipigwa. Hapa neno siri halifai hata kidogo, kwa kuwa hapakuwa na adui aliyezuiwa kujua. Waliozuiwa ni wananchi na Bunge. Ilikuwa stara, nayo haikudumu hata miezi mitatu.

Macleod, aliyemrithi Lennox-Boyd, ndiye aliyetoa maagizo ambayo yangejulikana kwa watu wote baada ya nusu karne. Tarehe 3 Mei 1961 alipeleka kwa makoloni mwongozo juu ya karatasi zisizofaa kuachiwa serikali za uhuru. Zilitajwa aina nne: karatasi zinazoweza kuitia fedheha Serikali ya Malkia au serikali nyingine, zinazoweza kuwafedhehesha polisi, wanajeshi, watumishi na watu wengine kama watoa habari, zinazoweza kufichua njia za upelelezi, na zile ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia isivyo haki. Katika hizo nne, aina ya tatu ni siri kwa maana yake kamili, na katika aina ya pili, ulinzi wa mtoa habari aliyehatarisha maisha yake nao ni amana. Lakini fedheha, iliyotajwa mwanzoni, ni habari ya stara. Mwongozo mmoja uliyaweka mambo hayo katika kapu moja, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuyatenganisha kwa kuutazama mhuri tu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki, miezi saba tu baada ya mwongozo huo. Uganda ilifuata mwaka 1962, Zanzibar na Kenya mwaka 1963, Nyasaland mwaka 1964. Katika Uganda kazi ya kuchambua na kuondoa majalada ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya urithi, ingawa warithi wenyewe hawakuachiwa kitu katika urithi huo. Katika Kenya majalada yaliyokusudiwa kufichwa yalitiwa alama, na aliyeruhusiwa kuyashika alikuwa mtumishi aliye raia wa Kiingereza mwenye asili ya Ulaya. Kata ilikatazwa kuingia mtungini, si kwa kosa ililolifanya bali kwa mti iliyochongwa kwao. Amana, ambayo kwa asili yake hupimwa kwa tabia ya mtu, ilipimwa kwa rangi. Karatasi nyingine zilichomwa, na maagizo yakataka hata majivu yavunjwe-vunjwe. Na kama hazikuchomwa, ziliruhusiwa kuzamishwa katika maji ya kina kirefu, mbali na pwani. Zilizosalia zilisafirishwa Uingereza. Kutoka Kenya peke yake yalikwenda majalada yapata 1,500.

Serikali ya Kenya ilidai majalada yake mara kadhaa baada ya uhuru, tangu mwaka 1967, na haikupewa. Mahali yalipolazwa mwishoni ni Hanslope Park, nyumba ya serikali iliyozungukwa na ulinzi, kaskazini ya London. Mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za miaka ya 1950 waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, na wanahistoria wakatoa ushahidi kwamba karatasi zilizoondolewa Nairobi lazima ziko mahali. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kwamba inazo, na si za Kenya tu: majalada yapata 8,800 ya makoloni 37 ya zamani, Tanganyika na Nyasaland zikiwa miongoni mwao. Anthony Cary, aliyekuwa balozi, alipewa kazi ya kuchunguza jinsi yalivyosahauliwa. Taarifa yake yaonyesha kwamba kusahau kule hakukuwa kwa watu wote, na kwamba wako waliojua lakini ikawafaa kutojishughulisha. Kati ya 2012 na 2013 majalada yakahamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, yakafunguliwa kwa wasomaji. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alieleza Bunge masikitiko ya serikali yake, na fidia ya paundi milioni 19.9 ikatolewa kwa Wakenya 5,228.

Fidia hiyo ilikuwa ya mateso. Kwa kuficha majalada, na kwa kuteketeza yale ambayo hayataonekana tena, hakuna aliyesimamishwa mbele ya hakimu. Mtafiti wa Vwawa au wa Ileje atakaye kujua serikali ya kikoloni iliwaandika nini jamaa zake wa ng'ambo zote mbili za Songwe hana budi kufunga safari mpaka Kew, na hata huko atasoma mabaki tu.

Ingekuwa rahisi kumaliza hadithi hapa, lawama yote ikaachwa kwa mgeni. Lakini dola huru nayo ina siri zake, na kwa Tunduma siri hizo zilikuwa na sababu. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Tunduma ikawa mlango wa pumzi wa Zambia. Mafuta yalipita barabarani, kisha katika bomba lililofunguliwa mwaka 1968. Na reli ya Uhuru, iliyojengwa kwa msaada wa China tangu mwaka 1970, ikavuka mpaka hapo hapo. Maadui wa ukombozi walikuwa na macho na mikono. Tarehe 3 Februari 1969 Dakta Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kitabu kilichotumwa kwa posta. Mtu aliyetoa nje habari za safari ya mpigania uhuru katika miaka ile aliweza kumuua kwa maneno tu. Hiyo ilikuwa siri kweli, na kuilinda ilikuwa amana.

Katika hali hiyo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, iliyoifuta ile ya kikoloni. Bwana alibadilika, lakini tabia nyingi za sheria ya kwanza zilibaki. Jambo la siri ni lile lililotangazwa na serikali kuwa la siri. Anayelitoa kwa asiyeruhusiwa aweza kufungwa hata miaka 20, na kutojua kwamba ni la siri hakumwokoi. Uzito wote umewekwa juu ya mlango wa kutokea. Juu ya yule anayepiga mhuri wa siri mahali pasipostahili, au anayeutumia mhuri kufunika kosa lake, sheria hiyo haina uzito uliolingana na huo.

Hata hivyo nchi ilikwisha jifunza kwa njia nyingine kwamba dhima yaweza kupanda juu badala ya kushuka chini. Katika mwaka 1976 watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu kwa mkono wake, lakini katika Januari 1977 alijiuzulu. Ni katika matukio kama hayo kwamba kitenzi kuwajibika, kilichotoka katika wajibu, kilipata maana yake ya leo katika siasa za Tanzania: si kuwa na kazi ya kufanya tu, bali kubeba lawama ya kazi iliyoharibika chini ya mamlaka yako. Mambo yale yalitendwa na watu wa ulinzi, na yangeweza kuzikwa katika jalada lenye mhuri. Hayakuzikwa. Mfano huo wafaa kuwekwa kando ya Nyasaland ya 1959, ambako aliyesimama juu ya habari mbaya alibaki kitini mwake.

Sheria za baadaye zilianza kuugusa upande wa pili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 iliweka utaratibu wa kutunza na kuteketeza karatasi za serikali, na kufungua zilizofikisha miaka 30. Ya mwaka 2016 ikampa raia haki ya kuomba habari, ingawa iliacha nafasi pana kwa zile zinazohusu usalama. Kwa hiyo leo mchomaji wa jalada naye aweza kuulizwa kwa ruhusa ya nani. Ni hatua ambayo karani wa mwaka 1961, aliyeona moshi nyuma ya ofisi asijue kinachochomwa, hakuwa nayo.

Jambo linalobaki lawaangukia wanalugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na mahakama katika Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapasa kuvikwa Kiswahili. Katika lugha ya Kiingereza jambo lililofungwa kwa mhuri wa serikali huitwa kwa neno lenye maana ya kupangwa katika daraja. Neno hilo halisemi kama sababu ni hatari au ni haya. Mfasiri akiandika siri kila mahali, atakuwa ameipa kila karatasi yenye mhuri heshima ya amana, hata ile inayofunika ulaji wa fedha za umma. Akiandika habari zilizozuiwa, atakuwa ameacha mlango wa swali: zimezuiwa na nani, kwa sababu gani, na mpaka lini? Swali hilo ndilo ambalo Bunge la London halikuweza kulijibu katika Machi 1959, watu wa kando ya Songwe walipofungwa kwa habari ambazo hawakuonyeshwa.

Siri haikosi kuwako maadamu pana dola na pana adui. Lakini aliyekabidhiwa ajue kwamba ataulizwa mara mbili: kwa alichokitoa kisichofaa kutoka, na kwa alichokificha kisichofaa kufichwa. Palipo na swali la kwanza peke yake hapana amana. Pana stara ya wakubwa, na kifungo cha makarani.